Kisu Kilichotaka Jina

Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha visu viwili. Cha tatu, kilicholala kati ya hivyo viwili juu ya gunia lile lile, kilikuwa kikavu.

Uwamwezi alikiona, na mtu akimuuliza leo atakubali kwamba alikiona. Lakini siku ile kichwa chake kilikuwa na jambo moja tu. Alitaka kisu, na alitaka kutoka nacho sokoni Masisi kabla watu wa kwao Kingi hawajamkuta na kuanza kuuliza ni cha nini.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mrefu, mwenye vidole vigumu vya kukamua. Yeye na mume wake Manzi walifuga ng'ombe saba kwenye kilima cha juu ya Kingi, na kila asubuhi ni yeye aliyeteremka na bidoni, dumu la maziwa, mpaka Masisi, kwa sababu Manzi hakuuweza tena mteremko ule. Mwaka uliopita waligombania mpaka wa malisho na jirani wa ng'ambo ya bonde, Jean-Claude, na Jean-Claude akampiga Manzi kwa fimbo ya kuchungia mpaka mfupa wa mguu ukavunjika. Jambo hilo lilimalizwa mbele ya wazee kwa maneno na mbuzi mmoja. Mguu haukunyooka.

Kisha, wiki tatu kabla ya siku ile ya soko, mtu alimvizia Uwamwezi ndani ya ukungu, pale njia inapopinda chini ya mikaratusi. Alikuwa amejifunika uso. Alimkaba shingo kwa nyuma, akamwangusha kwenye tope, akachukua bidoni, akaondoka bila kukimbia. Ni huko kutokukimbia kulikomkaa Uwamwezi rohoni. Alama ya kidole gumba ilibaki chini ya sikio lake siku nne.

"Mama, unatafuta ya jikoni?" aliuliza Isidore, mfua chuma, mzee mwembamba mwenye macho mekundu ya moshi.

"Hapana. Minatafuta ya kupigana."

Isidore alimtazama shingoni, na hakucheka. "Basi panga uache. Panga batu bote banaiona toka mbali. Na ya kukunja usichukue, siku ya taabu itakukunjikia ku vidole. Unapashwa kisu chenye kimesimama, chenye haiko kirefu, haiko kifupi. Shika hivi, jaribu."

Cha kwanza kilikuwa karibu urefu wa mkono mpaka kiwiko. Uwamwezi alikificha chini ya kitenge na kujaribu kukichomoa, kikanasa kwenye nguo. "Unaona?" alisema Isidore. "Mbele utoe hiyo, ule muntu amekwisha kukushika mara mbili." Cha pili kilikuwa cha shibiri moja, cha chuma cha resori, springi ya lori, mpini wa mti mgumu usiolainishwa vizuri. Kilikuwa kisu kizuri. Kilichomoka bila shida, lakini ilibidi mkono ukitafute.

Cha tatu mkono haukukitafuta. Kilikuwa shibiri moja vilevile, cha kijivu kisichong'aa, kipana kidogo katikati, na mbele ya mpini palikuwa na kipande cha chuma cha kuzuia vidole visiteleze kwenye makali. Uwamwezi alikiweka chini ya kitenge, na kabla hajajiambia achomoe, kilikuwa nje, ncha mbele, kimya.

"Hiki," alisema.

"Hata kile cha pili ni kizuri, Mama. Kile nilikifua mimi mwenyewe."

"Na hiki nani alikifua?"

Isidore alikuwa anafunga kamba ya ala ya ngozi. "Hiki kilitokaka Pinga," alisema, na hakuinua macho.

Alikichukua kwa jibini mbili za nyumbani kwake. Alikuwa amefika nusu ya njia ya kurudi Kingi, mvua inanyesha tena, vidole vimekufa ganzi, ndipo alipogundua kwamba ile ala kiunoni mwake ilikuwa na joto. Halikuwa joto la mwili wake. Lilikuwa kama joto la mkono wa mtu aliyetoka kuuweka kwapani.

Siku mbili za kwanza alifurahi. Alijizoeza zizini, akichomoa na kurudisha, akichomoa na kurudisha, huku Manzi akimtazama kutoka kwenye kiti chake mlangoni.

"Nani amekinoa?" aliuliza Manzi, akipitisha unywele kwenye makali. Ulikatika wenyewe kabla haujagusa vizuri.

"Sijue. Hatujakinoa."

"Hakina haja ya kunolewa," alisema Manzi polepole, akakirudisha haraka kuliko alivyokipokea.

Siku ya tatu ng'ombe walimkataa. Gaju, jike la hudhurungi ambaye Uwamwezi alimlea toka ndama, alimnusa kiunoni, akatoa macho, akavuta kamba mpaka kigingi kikang'oka. Maziwa ya wengine yalikamuliwa kwa nguvu, na yakatoka na harufu ya chuma. Mchana wa siku hiyo Mukankusi, mama yake Manzi, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu lakini masikio mazima, aliacha kuchambua maharage.

"Ni nani iko nanoa kisu pale inje?" aliuliza. "Toka asubuhi. Apumzike kidogo."

Uwamwezi alitoka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na majani, jua dogo la Masisi, na kuku wawili. Aliporudi ndani naye akasikia: jiwe linapita juu ya chuma, taratibu, linatulia, linapita tena. Sauti ilitoka kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, ambapo kisu kilining'inia ndani ya ala yake iliyofungwa kamba.

"Umemuona?" aliuliza Mukankusi.

"Ndiyo, Mama," alisema Uwamwezi. "Nimemwambia aende."

Harufu ilikuja baadaye, harufu ya nywele zilizoungua. Haikukaa mahali pamoja. Ilikuwa ikimpita mtu akiwa amekaa, kama mwenzake aliyesimama kwenda kuchota maji.

Ijumaa asubuhi alikuwa kwenye njia ya kuteremka, ukungu umefunga mpaka magotini, bidoni mgongoni. Karibu na mikaratusi alisikia mtu akisema nyuma ya sikio lake, "Nani?"

Alikichomoa na kugeuka. Njia ilikuwa tupu. Kilichomshtua ni namna sauti ile ilivyokuwa. Haikutisha. Ilikuwa sauti ya mwanaume kijana, ya heshima na uchovu, kama ya mtu aliyezoea kutumwa na ambaye siku nyingi hajatumwa.

"Nani, Mama?" iliuliza tena.

Hakuijibu. Alitembea mpaka Masisi na kisu mkononi, na wanawake waliokutana naye njiani walimpisha.

Kesho yake alikifungia kisu kwenye sanduku la nguo, kufuli juu, ufunguo akampa Manzi. Alipofika pale njia inapopinda alipeleka mkono kiunoni kurekebisha kitenge, na mkono ukakuta mpini, una joto, unamngoja.

Ndipo alipomwambia mume wake. Walizungumza wakiwa wameinamia sufuria, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoficha habari ya msiba mbele ya mgonjwa.

"Inasema nini?" aliuliza Manzi.

"Inauliza nani. Basi. Inataka jina."

"Na wewe uko na jina."

"Niko nalo."

Manzi aliutazama mguu wake. "Na mimi niko nalo," alisema. "Ile jina nililitaja mingi mbele ya Mungu, Uwamwezi. Niliombaka vitu vyenye muntu hapashwi kuomba."

"Mbele ya Mungu ni mambo yako na Mungu. Mu hii nyumba usilitaje. Hata ukikasirika. Hata mu ndoto."

"Na kama njo yeye alikukaba kule njiani?"

"Sikumuona uso," alisema Uwamwezi. "Minamuchukia, lakini sikumuona uso."

Ndani ya sanduku, alimokirudisha kisu jioni ile, jiwe lilipita juu ya chuma, mara moja.

Jumatano shirika la maombi lilikuja kwao, wanawake kumi na moja wa kilimani, wakiongozwa na Joséphine-Marie, mama mnene mwenye sauti nzuri kuliko zote katika parokia. Uwamwezi aliwaambia kwamba nyumba ina pepo. Kisu hakukitaja. Walisali Rozari, mlango wazi, mchana mweupe, na alianza kuhisi mabega yake yanashuka, kwa sababu wanawake kumi na moja wakiimba pamoja katika chumba kidogo hakuna sauti nyingine inayopata nafasi, na alikuwa amefumba macho na kuuacha wimbo umbebe alipogundua kwamba sauti moja imetoka kati ya zile sauti, ile nzuri kuliko zote, na alipofumbua macho alimwona Joséphine-Marie amemgeukia yeye peke yake, shanga bado zinapita vidoleni, midomo inasogea pole, na anasema kwa upole wa mtu anayekumbusha:

"Nani, Mama? Taja tu. Wengine bote balikuwa banataja."

Kisha Joséphine-Marie akaendelea na ubeti pale pale ulipofika. Hakuna mwingine aliyesikia. Mwenyewe, alipoulizwa baadaye nje ya mlango, alishangaa kabisa, akamgusa Uwamwezi paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi ndiyo siku ambayo mambo yalibaki kidogo tu yaharibike.

Kuna kijito chini ya Kingi ambacho lazima ukivuke kwa kuruka mawe. Ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba Uwamwezi alisikia maji kabla ya kuyaona. Alipokaribia aliona mgongo. Mtu alikuwa amechuchumaa kwenye jiwe la kwanza akiosha jembe, kofia ya sufu kichwani, shingo imeinama. Aliitambua ile shingo. Alikuwa ameitazama mwaka mzima kila Jumapili, safu mbili mbele yake kanisani.

Hakukumbuka kuchomoa. Kisu kilikuwa mkononi, na miguu yake iliyokuwa na mabuti mazito ilikanyaga kokoto bila kutoa hata sauti moja, hatua, halafu hatua, na harufu ya nywele zilizoungua ikawa imemzunguka kama blanketi, na ile sauti ya heshima ikamwambia sikioni kwamba haina haja ya mengi, haina haja hata ya mkono wake kuwa na nguvu, neno moja tu, jina tu, na itaenda yenyewe na kurudi na yeye atauza maziwa yake, na Manzi atalala usiku, na yule aliyekaba shingo yake hatakaba tena, kwani ni nani mwingine, Mama, ni nani mwingine kilima hiki chote anatembea bila kukimbia, na Uwamwezi akajisikia kinywa kinafunguka, si kwa nguvu ya mtu, kinafunguka kwa hamu yake mwenyewe ya mwaka mzima, na akasikia sauti yake ikisema:

"Jean..."

Aliuma ulimi. Aliuuma mpaka damu ikajaa kinywani, akasimama pale pale, nusu nyingine ya jina imebanwa nyuma ya meno.

Mtu wa kwenye jiwe aliinua kichwa. Hakuona kitu, ukungu ulikuwa kati yao. "Nani?" aliuliza kwa woga.

"Nani?" iliuliza ile sauti nyingine, wakati ule ule.

Uwamwezi alitema damu. Alirudisha kisu chini ya kitenge kwa mkono uliokuwa haumtii, akaongea kwa nguvu ili kila mwenye masikio asikie.

"Ni Uwamwezi, muke wa Manzi. Niko napita ku soko. Nipishe ku mawe."

Jean-Claude alisimama upesi na kujitoa njiani. Uwamwezi alimpita karibu kabisa, mabega yakikaribia kugusana.

Hakwenda kwenye wateja wake. Alikwenda moja kwa moja kwa Isidore, akaweka bidoni chini na kisu juu ya kipande cha ekseli ya gari ambacho mzee alifulia chuma juu yake.

"Ulijua," alisema.

Isidore alikiangalia kisu kama mtu anayemwona mdai aliyedhani amehama. Alishusha turubai la mlango.

"Motari mumoja, wa kubeba batu na pikipiki, njo alikileta toka Pinga," alisema kwa kunong'ona. "Alikiokota mu pori, kando ya muntu mwenye alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa angali amekishika. Mupini ulikuwa umeoza, nikautoa niweke mupya. Ndani mule, ku mukia wa chuma, mulikuwa tundu, na mu tundu nta, na mu nta nywele. Dawa, Mama. Bale bapiganaji ba mu pori banatengeneza vile. Kila akitaka kwenda kuua, anataja jina, kile kinamutangulia. Kimezoea. Sasa bwana yake hayuko, kinatafuta mwenye kukituma."

"Na ile nta uliiacha."

"Niliogopa kuigusa. Nilifunika na mupini mupya. Kikaniuliza hata mimi, mara moja. Nikakiweka inje, mu mvua, muntu akichukue."

"Muntu. Mimi njo nilikuwa ule muntu."

"Wewe njo ulichagua, Mama, mimi nilikuonyesha kile cha pili..."

"Nilichagua kisu!" Uwamwezi hakunong'ona. "Kisu cha kunifikisha ku soko na kunirudisha ku bwana yangu. Sikuchagua muuaji mwenye kulala mu nyumba yangu na kuongea mu kinywa cha Mama Joséphine-Marie."

"Kitupe mutoni," alisema Isidore. "Maji iko nakwenda mbali."

"Na kule mbali hakuna batu? Muntu mwingine akiokote, kimuulize yeye? Hapana, Papa Isidore. Hapa kilitoka, hapa kitaishia, na wewe utakimaliza pamoja na mimi."

Mzee alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akachochea makaa. Alimwambia kwamba baba yake, aliyemfundisha kazi, alikuwa akizimaliza dawa za namna hii, na kwamba njia ni moja. Dawa itolewe na ichomwe, chuma kivunjwe, na moto ushikwe na mkono ule ule uliokichagua kisu, bila kupumzika. "Na kikikuuliza, usikipe kitu. Ukikipa jina, hata langu, hata la ng'ombe, kinatoka hapa kiko mutumwa wako mpaka kufa."

Moto wa Isidore ulipulizwa kwa gurudumu la baiskeli lililozungusha feni ya bati. Uwamwezi alikaa chini, akashika pedali kwa mkono, akaanza kuzungusha. Mzee alipasua mpini. Kwenye mkia wa chuma palikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, na ndani yake kitu cheusi kinachong'aa. Alikichokoa kwa msumari, kikaanguka ndani ya makaa.

Kelele za soko zilikatika, kama mtu amefunga mlango. Pikipiki, wanawake, mbuzi, mvua juu ya turubai, vyote vilikatika, na katika kimya kile gurudumu liliendelea kuzunguka bila kutoa mlio, upepo ukaingia kwenye makaa na makaa yakakataa kuwaka, na harufu ya nywele ikapanda mpaka machozi yakatoka, na baba yake Uwamwezi, aliyezikwa miaka kumi iliyopita, akamwita kwa jina la utotoni kutoka upande wa pili wa turubai, akamwomba amfungulie kwa kuwa ananyeshewa, na alipozidi kuzungusha akasikia ule ukelele wenyewe, ule ambao Manzi aliutoa siku mfupa wake ulipokatika, mrefu, wa mtu ambaye haamini bado, hata pumzi ya mwishoni ilikuwa ile ile, na mkono wake ulitaka kuacha pedali na kuziba masikio, na Isidore akapiga kelele, "Zungusha, Mama!", na akazungusha, bega linawaka, ulimi umevimba kinywani, akazungusha mpaka ikabaki ile sauti moja, ya kijana mwenye heshima, karibu sana, karibu kulia.

"Nani, Mama? Nitafanya mimi. Mikono yako itabaki safi."

Uwamwezi aliinua uso. Kwa mara ya kwanza aliijibu.

"Mikono yangu ni yangu," alisema. "Nikitaka kupiga, nitapiga mimi, na nitapelekwa mbele ya tribinali mimi. Sina mutumwa. Sikutume. Leo sikutume, kesho sikutume. Ungua!"

Makaa yaliwaka yote pamoja. Nta ilitoa mlio mwembamba ikaisha. Isidore alikishika kisu kwa koleo, akakilaza juu ya ekseli, akapiga nyundo, na chuma kile ambacho kilikuwa hakihitaji kunolewa kikavunjika vipande vitatu kama biskuti. Nje, mwanamke alicheka. Pikipiki ikapiga honi. Mvua ikarudi juu ya turubai.

Walikaa wakihema. Kisha Uwamwezi akajifuta uso kwa kitenge.

"Sasa lete kile cha pili."

"Mama?"

"Njia ya mikaratusi iko vile vile. Ule mwenye kunikaba hajafa. Lete kile cha pili."

Safari hii hakuuachia mkono uamue. Aliuliza chuma kilitoka kwenye lori gani, na lori lilikuwa la nani. Alimfanya Isidore aufungue mpini mbele yake mpaka akauona mkia wote, chuma kitupu. Alikichoma kwenye ubao akakivuta pembeni, akaona kimepinda kidogo na kurudi. Alikichomoa chini ya kitenge mara kumi, na mara zote kumi ilibidi akitafute. "Nitajizoeza," alisema. Kisha akabeba maziwa yake na kuyauza.

Nyumbani kulitulia. Gaju alirudi kukamuliwa. Mukankusi alisema yule mtu wa kunoa inaonekana amehama, na Manzi akacheka, jambo alilokuwa hajafanya siku nyingi.

Siku ya tisa, asubuhi, ukungu umefunga, Uwamwezi alimkuta Jean-Claude amesimama chini ya mikaratusi. Hakuwa na jembe wala fimbo. Uso wake ulikuwa umekonda. Uwamwezi aliweka mkono chini ya kitenge.

"Dada Uwamwezi," alisema Jean-Claude. "Nakuomba tu uniambie. Juu ya nini uko naniita?"

"Mimi sijawahi kukuita."

"Ni sauti yako. Toka ile siku ya kijito. Asubuhi kukiwa ukungu, karibu na nyumba. Inasema 'Jean', inanyamaza. 'Jean', inanyamaza. Haimalize. Nilizani ni juu yangu, juu ya mambo ya mimi na Manzi. Lakini jana Jean de Dieu wa ku kisima naye ameniuliza juu ya nini muke wa Manzi iko namwita."

Uwamwezi alifikiria kilima chote, nyumba kwa nyumba, wanaume na vijana waliobatizwa hivyo. Nusu yao.

"Kuna mwenye aliitika?" aliuliza.

"Sijue."

"Wewe?"

"Sijaitika. Niliogopa."

Alimtazama mtu aliyemvunja mume wake mguu. Chuki ilikuwa pale pale alipoiacha, na aliiona kuwa ni yake.

"Sikiliza," alisema. "Mguu wa Manzi sijasamehe, na siku moja nitakuambia mbele ya batu bote, na utanijibu. Ile ni mambo ya mimi na wewe. Hii ingine haitaingia katikati yetu. Geuka. Tunakwenda kwa Jean de Dieu, halafu kwa bale bote bako na ile jina, tubaambie basiitike, mwenye kuitika njo atamalizia ile jina. Tangulia mbele, mimi sitembei na muntu nyuma yangu."

Jean-Claude aligeuka, akatangulia. Walikwenda hatua thelathini, yeye mbele, Uwamwezi nyuma na mkono kwenye mpini. Upande wa kushoto, ndani ya ukungu, kati ya miti, mwanamke akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwita jirani aje achukue maziwa yake.

"Jean..."

Jean-Claude alisimama.

"Usiitike," alisema Uwamwezi. "Mimi niko hapa nyuma yako." Kisha aliugeukia ukungu, na kwa sauti yake mwenyewe, ya kweli, iliyoparuza kwa ulimi ambao haujapona, akasema, "Uko na nusu tu! Hiyo ingine iko mu kinywa changu, na hautaipata!"

Hakuna kilichojibu. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani.

"Tembea," alimwambia Jean-Claude, na wakatembea.